Ulimwonya Kinyozi, Mimi Hukunionya

"Ulimwonya kinyozi. Mimi mbona hukunionya?"

Fundi miwani aliuliza bila kupandisha sauti, mkono wake ukiwa juu ya mashine ya kadi. Mchumba wake, wakala wa kampuni iliyosambaza mashine hizo mtaa mzima, alikuwa ameingia dukani akitabasamu. Tabasamu likamkauka.

Asubuhi hiyo kinyozi wa jirani alikuwa ameropoka bila kujua anachochea moto: yeye mashine aliikataa kwa ushauri wa shemeji mwenyewe, yaani huyu huyu wakala, kwamba kwa kazi ndogondogo kama zake ingemla.

Na kweli ilikula. Kila malipo yalikatwa, na hata yakiwa madogo vipi, makato hayakushuka chini ya kiwango fulani. Akikaza skrubu ya miwani, karibu robo ya pesa iliondoka. Miaka ya neema asingejali, lakini sasa uchumi ulikuwa umeyumba. Watu hawakununua miwani mipya, walikarabati ya zamani. Alipokuja kuyagundua makato hayo, ikabidi awaongezee bei kidogo wanaolipa kwa kadi. Wiki iliyopita mwalimu mstaafu, ambaye pensheni yake huingia kwenye kadi, aliposikia nyongeza hiyo alirudisha usoni miwani yake mbovu na kutoka.

"Mwanangu, hata wewe?" ndilo neno aliloliacha mlangoni.

Wakala alivuta kiti.

"Nilikuandikisha siku ya kwanza kukuona," alisema. "Ofisini walikuwa wanapunguza watu. Nilibakiza duka moja nifikishe idadi ya mwezi."

"Siku ya kwanza sikulaumu. Hukunijua, sikukujua. Siku ya pili je?"

"Siku ya pili nilikuwa nimeshakupenda."

"Ndiyo ukanyamaza?"

"Niliogopa utanifukuza mimi na mashine yangu."

Kilichomuuma fundi hayakuwa makato. Ni ile miezi minane aliyomlalamikia huyu huyu kwamba haoni pesa zinapotelea wapi, naye akimshika bega na kumwambia biashara ndivyo zilivyo. Alimwambia aichukue mashine yake, na ile posa iliyoletwa na wazee wake isubiri kwanza.

Siku tatu hawakuzungumza. Fundi alikwenda nyumbani kwa mwalimu, akamkazia skrubu pale pale kibarazani, akaomba radhi. Siku ya nne simu ikaita kwa ujumbe:

"Leo nimepita maduka sita. Wenye kazi ndogo nimewaambia ukweli na namna ya kuvunja mkataba. Muuza maua kanimwagia ndoo ya maji."

Kesho yake ukaja mwingine:

"Tisa. Fundi viatu amenishukuru, halafu akanitukana."

Fundi alicheka peke yake, kisha akajikasirikia kwa kucheka. Wiki ikaisha na ujumbe mfupi kuliko yote: "Ofisi imejua. Wamenifukuza." Hapo akapiga simu.

"Ulijua watakufukuza?"

"Nilijua."

"Umefanya haya ili nikurudie?"

"Mwanzoni, ndiyo. Nilipofika kwa fundi viatu nikaona ningefanya hata usingerudi."

Jibu halikuwa tamu, lakini halikuwa na kona. Fundi alilitafakari, simu ikiwa bado sikioni.

"Njoo nyumbani Jumamosi," alisema mwishowe. "Mama umweleze mwenyewe, na usiruke kitu."

Jumamosi wakala alimweleza yote. Mama alisikiliza huku akikunja nguo, hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, akamuuliza wataishi vipi. Alijibu kwamba amepata kazi ya kupokea mizigo ghalani, mshahara wake mdogo.

"Mdogo tutauweza, baba," mama alisema. "La kufichwa ndilo hatutaliweza. Kuna lingine?"

Wakala alisita. Akamtazama fundi, akatazama sakafu.

"Lipo, mama. Mwanao hajui kupika. Miezi yote hii namdanganya kwamba chakula chake kitamu."

Fundi aligeuka mdomo wazi. Mama alicheka mpaka nguo alizokunja zikamporomoka mapajani.

"Huyu sasa amesema kweli tupu. Tupangeni tarehe."

Harusi ilifungwa mwezi uliofuata, sebuleni kwa mama, watu ishirini tu. Bibi harusi hakuruhusiwa kukaribia jikoni.