Shavu Lililosafishwa

Kibanda cha picha kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, na asubuhi hiyo foleni ilifika hadi kwa muuza viatu. Zamu ilikuwa ya msichana mmoja, fundi cherehani wa ghorofa ya juu. Alivaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe, na kwa haraka zake alisahau kuvua futi ya kupimia shingoni.

"Dada, umekuja kupiga picha au kunipima suti?" mpiga picha alimuuliza.

Watu wakacheka. Fundi akaivua futi kwa aibu. "Kwa mabega hayo, kitambaa kingebaki kingi."

"Umenimaliza! Haya, inua kidevu. Picha ya nani?"

"Ya mtu wa mbali. Simu yangu ni ya vitufe, itume wewe kwenye namba hii."

"Mchumba?"

"Hayakuhusu. Piga."

Jibu lilimchoma mpiga picha, maana moyo wake ulikuwa umeshamwendea.

Kumbe namba ile ilikuwa ya shangazi yake fundi, ambaye hakuwahi kuonana naye. Baba aliondoka fundi akiwa mchanga, na sasa alikuwa hoi kitandani katika mji mwingine, akimtaja huyo mtoto. "Tumeni picha kwanza," shangazi alisema simuni. "Mtu akiugua, watoto wanazuka kama uyoga." Mama yake fundi hakuwa na wasiwasi. "Atakutambua tu, mwanangu. Hilo baka umelirithi kwa mama yake mzazi."

Baka lenyewe lilikuwa jeusi, kubwa kama haragwe, kwenye shavu la kushoto. Tangu shuleni lilimletea masimango, naye akawa hatoki nje bila kulipaka poda. Siku ya picha hakupaka kitu. Alitaka baba amjue.

Mpiga picha angeyajulia wapi hayo? Alifanya anachomfanyia kila mteja: alimsafisha. Chunusi, makovu, mikunjo, vyote huondoka kwenye kompyuta yake, na watu humsifia kwa hilo. Huyu alimsafisha kwa mahaba zaidi. Akalifuta baka, akatuma.

Kisha akaanza kupanda ngazi na suruali zisizo na tatizo lolote.

"Fundi wangu, umekula?" alipiga simu mchana mmoja.

"Nimekula. Wewe nawe, hizo suruali nikizidi kuzikata utabaki na kaptula."

"Bora nikuone."

"Muongo mkubwa!" Lakini alikuwa akitabasamu peke yake mbele ya cherehani, na wenzake walimwona.

Tabasamu hilo halikudumu. Shangazi alipiga. "Mgonjwa ameiona picha. Amesema si wake, wake ana baka. Tafadhali, tuacheni tumuuguze."

Fundi alishuka ngazi mbio. "Nionyeshe picha uliyotuma!"

Mpiga picha akamgeuzia kioo kwa fahari. "Si umeona ulivyopendeza, mpenzi?"

Fundi alilitazama lile shavu laini, kama la mtu mwingine. "Baka langu liko wapi?"

"Nimelitoa. Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Basi umpende huyo wa kwenye kioo. Baba yangu amenikana kwa mkono wako."

Akamweleza yote, ya baba na ya shangazi. Palepale mpiga picha aliituma picha halisi, na jibu la shangazi halikuchelewa: "Juzi hana, leo analo. Mmelichora. Mungu anawaona." Alipojaribu kupiga, simu ilikatwa. Ikawa ile picha ya kweli ndiyo inayoonekana ya uongo.

Baba akafa hivyohivyo, akiamini kuna watu walitaka kumtapeli.

Fundi hakupokea tena simu za mpiga picha. Alifungasha gauni jeusi akanawa uso. Mama yake alimshika mkono mlangoni. "Watakufukuza, mwanangu."

"Wanifukuze nikiwa hapo, mama."

Msibani, wanawake walikuwa wameketi chini. Shangazi, mwanamke mnene mwenye sauti ileile ya simuni, aliinuka kumzuia, kisha akaliona lile baka. Akalowesha ncha ya mtandio kwa mate, akamsugua shavu kwa nguvu, kama anayemfuta mtoto masizi. Akasugua tena. Shavu likawa jekundu, baka halikutoka.

"Kaka yangu," shangazi akasema, akikigeukia chumba cha marehemu, ambacho tayari kilikuwa kitupu, "kaka yangu, ni wako." Akaketi sakafuni, akalia upya.

Jioni fundi alitoka uani akapiga simu.

"Fundi?" Mpiga picha alipokea kabla haijaita vizuri.

"Wamenikalisha na watoto wa marehemu. Nimepata ndugu. Baba hakuniona."

"Nisamehe."

"Bado. Bado naumia mno." Akasikia kelele za wateja kibandani kwa mpiga picha. "Lakini njoo. Uje na kamera. Shangazi anataka nipigwe picha naye."

"Nakuja sasa hivi."

"Na ole wako uguse kitu."

"Sigusi, mpenzi. Hata hayo machozi sitayafuta."

Mpiga picha akazima kompyuta, akakifunga kibanda, foleni ikiwa bado imefika kwa muuza viatu.