Mkono wa Kushoto wa Fundi Meno

Jiko lilikuwa limezimwa, lakini maji yaliendelea kuchemka.

Fundi Meno aliinama akachungulia chini ya sufuria. Hakuna moto. Akaiinua, akaiweka sakafuni juu ya saruji baridi, na bado mapovu yalipanda: matatu kwa pamoja, yakatulia, mawili, yakatulia, matatu tena. Mtu mwingine angeona mapovu tu. Yeye alikuwa mpiga besi, hata kama ni wa Jumamosi kwa Jumamosi, na pigo la muziki alilijua akilisikia.

Ndani ya sufuria mlikuwa na nyuzi nne za gitaa la besi. Msimcheke. Wapiga besi wa mitaani wana siri yao: nyuzi zikichakaa, zikaziba kwa uchafu na jasho mpaka sauti ikawa butu, hazitupwi. Huvuliwa, huchemshwa dakika kumi, hukaushwa, na kwa wiki kadhaa hulia kama mpya. Basi kosa lake halikuwa kuchemsha. Kosa lilikuwa kwamba gitaa lile la mtumba lilishapita mikononi mwa watu asiowajua, na weusi ulioganda kwenye nyuzi zile haukuwa jasho lake. Tena, na hili ndilo kubwa, alisema maneno huku akikoroga.

Mchana ule, kwenye mazoezi, kinyozi alikuwa amesimamisha wimbo mara sita. Kinyozi ndiye aliyepiga gitaa la solo, na ndiye aliyejitangaza kiongozi wa bendi yao ya watu watatu. "Fundi, mkono wako wa kushoto umelala," alisema mbele ya seremala, mpiga ngoma wao, ambaye karakana yake ndiyo iliyokuwa ukumbi wa mazoezi. "Uamshe au uukate, tupumzike."

Miaka kumi na moja Fundi Meno alikuwa akilipenda gitaa lile bila lenyewe kumpenda. Alilifuta kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Alijua majina ya mbao za kutengenezea shingo za magitaa, alijua kukarabati waya zake za ndani, alijua kila kitu isipokuwa kulipiga. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akatumbukiza nyuzi kwenye maji ya moto, akazikoroga kwa mwiko na kusema kwa sauti: "Mkono huu umenishinda. Anayeuweza na auchukue."

Ulimi hauna mfupa. Harufu ikapanda kutoka kwenye sufuria, na haikuwa ya chuma wala ya jasho. Ilikuwa ya maua yaliyofungiwa chumbani siku nyingi.

"Baba watoto," mkewe aliita kutoka kwenye cherehani yake, "unapika nini kinachonuka hivyo?"

"Nyuzi."

"Kwenye sufuria yangu?"

Ugomvi ukaanza, na katika ugomvi ule hakuna aliyekumbuka kuuliza kwa nini maji yalikuwa yakichemka sakafuni.

Jumamosi iliyofuata mkono wa kushoto uliamka. Seremala alihesabu moja, mbili, tatu, nne, na vidole vya Fundi Meno vikaondoka vyenyewe. Vilipanda na kushuka shingo ya gitaa, vikaingia mahali ambapo hakuwahi kufika, vikasubiri pale ambapo siku zote aliharakisha. Alivitazama kama anavyotazamwa mtoto wa jirani anayejua kusoma kabla ya wako. Seremala aliangusha kijiti. Kinyozi alikuwa na machozi, na si mtu wa kulia yule.

"Umekula nini wewe?" kinyozi alinong'ona.

"Sijui," alisema Fundi Meno, na alifurahi, alifurahi sana, tusidanganyane.

Usiku ule kidole kidogo kilikuwa baridi. Asubuhi mkewe alikichoma kwa sindano ya kushonea, akachoma tena kwa nguvu zaidi, na mume wake alikuwa akitazama dirishani akingoja kusikia kitu.

"Nimeshachoma," mkewe alisema taratibu. "Mara tatu."

Jumamosi ya pili alipiga vizuri zaidi, na kidole cha pete kikafa. Hapo hofu ilimshika kwelikweli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na katika kazi ile macho hayatoshi. Mkono wa kulia hushika tupa, lakini ni ncha ya kidole cha kushoto inayopita juu ya meno na kusema, hapa pana ncha kali, hapa patamkata mtu ufizi. Mafundi wengine hutumia kidole cha shahada. Yeye alizoea cha pete, tangu akiwa mwanafunzi wa kazi. Jumatatu alisaga kwa kubahatisha, na meno ya bibi mmoja mteja wake yalitoka mlangoni yakiwa na kasoro ambayo hakuihisi.

Siku hiyo hiyo kinyozi alikuja mbio na habari. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani anastaafu, sherehe ni Jumamosi ukumbini, na wamealikwa kupiga. Watu mia mbili! Bendi yao haikuwahi kupigia watu wazidio wanne, mmoja wao akiwa amekuja kununua kiti.

Jumanne, saa sita mchana, Fundi Meno alikuwa peke yake kwenye chumba chake cha kazi. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Kwenye rafu zilipangwa taya za plasta, jozi ishirini na kitu, kila moja na jina la mwenyewe limeandikwa kwa penseli. Aliinama juu ya nta, akasikia kitu kidogo nyuma yake, tak. Akageuka. Hakuna. Akainama tena na ile harufu ya maua ikaja, nzito, ikashuka kutoka kwenye rafu ya juu, na taya moja ikafunguka kidogo ikajifunga, kisha ya pili yake ikajibu, kisha rafu nzima, taya za wazee na za watu waliopata ajali na za bibi harusi aliyevunjika jino wiki moja kabla ya harusi yake, zote zikigongana kwa pamoja, tatu, kimya, mbili, kimya, tatu, unga wa plasta ukianguka mezani, na mkono wake wa kushoto, ambao hakuuamuru, ukanyanyuka polepole kutoka mezani na kuanza kufuata lile pigo hewani, ukibonyeza nyuzi ambazo hazikuwepo, huku yeye akiushika kifundo kwa mkono wa kulia na kuuvuta chini kwa uzito wake wote nao ukikataa kushuka.

"Sisi tunapiga vizuri," ilisema sauti katikati ya meno. "Jumamosi watakupenda, fundi."

"Hodi!" mtu akaita mlangoni, na meno yakanyamaza.

Alikuwa yule bibi mteja. Alikuwa ametoa meno yake na kuyafunga kwenye leso, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Miaka arobaini bibi huyu alikuwa mganga wa majini, kisha magoti yakamstaafisha.

"Shikamoo, bibi," Fundi Meno alisema, bado ameushika mkono wake mwenyewe.

"Marahaba. Meno yako yananikata. Na jana yalitafuna, mwanangu, na mimi sina chakula mdomoni." Akanusa hewa. Akautazama ule mkono. "Aha. Kaa chini unieleze, wala usinifiche."

Alimweleza yote, tangu sufuria mpaka taya. Bibi alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Ni jini. Hajakuibia. Ulimpa, kwa kinywa chako. Amechukua vidole viwili kwa makofi ya watu wawili. Jumamosi atapigiwa makofi na ukumbi mzima. Mkono wote utakwenda, na mkono hauendi peke yake."

"Mtoe, bibi. Nakuomba."

"Nikimtoa mimi, atatoka nao. Ulichokitoa kwa kinywa unakidai kwa kinywa, tena palepale anapotaka kula. Panda jukwaani, udai mkono wako, kisha upige wimbo mmoja wewe mwenyewe mpaka mwisho. Ukiuacha katikati kwa aibu, umemwachia."

"Bibi, mimi mwenyewe sijui kupiga."

"Najua. Dada yangu anakaa nyuma ya nyumba yako."

"Watanicheka watu mia mbili."

"Wacheke! Huyu chakula chake sifa, kicheko kwake sumu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Sasa nipe tupa hiyo, nirekebishe meno yangu mwenyewe."

Jioni aliwaambia wenzake. Seremala aliendelea kukaza ngozi ya ngoma. Kinyozi alimvuta pembeni.

"Mtoe Jumapili," kinyozi alisema, akishusha sauti kana kwamba jini asingesikia. "Fundi, nakusihi. Amekaa wiki mbili, siku moja zaidi itakupunguzia nini?"

"Mkono."

"Una mwingine!"

Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililomuuma Fundi Meno kuliko yote. Alirudi nyumbani akamweleza mkewe, akidhani labda naye atasema subiri. Mkewe aliuchukua ule mkono, akauweka shavuni pake. "Unanisikia?" aliuliza. "Kwa vidole vitatu," alijibu. Mkewe akalia, kisha akafuta uso kwa kipande cha kitambaa na kusema, "Nenda kapige vibaya. Mimi nitakaa mbele."

Ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu alikaa kiti cha mbele, amevaa vizuri, miwani mkononi. Fundi Meno alipochomeka gitaa, spika ilivuma, na ndani ya mvumo ule sauti ilisema kwa upole, "Mara moja tu. Wajue ulivyo." Na Mungu anajua alitaka. Miaka kumi na moja alitaka. Badala yake aliisogelea maikrofoni.

"Mkono huu wa kushoto ni wangu," alisema. "Niliutoa kwa ujinga, leo nauchukua. Mtakachosikia sasa ni upuuzi wangu mwenyewe, na nitaumaliza."

Watu walitazamana. Seremala akahesabu.

Uzi wa kwanza ulikuwa wa moto kama umetoka kwenye maji yanayochemka, na mkono ukaruka kwenda mahali pake pazuri na yeye akaurudisha, ukaruka tena akaurudisha, akabonyeza pasipofaa na sauti mbaya ikatoka ikaujaza ukumbi, na watoto wakaanza kucheka, kisha mama zao, kisha safu nzima ya walimu, na kila walipocheka harufu ya maua ilizidi, taa zikafifia, vidole viwili vilivyokufa vikagonga mbao kama vijiti, na kinyozi akamsogelea akisema kwa meno yaliyoumana, "Shuka, shuka, unatuaibisha," naye hakushuka, akakosea ubeti wa kwanza akakosea kiitikio, jasho likamwingia machoni, na kinyozi akachomoa gitaa lake akashuka yeye, mbele ya watu wote, na pakabaki besi mbovu na ngoma, na Fundi Meno akafikiri, sasa naachwa peke yangu, sasa nitasimama, mpaka akagundua kwamba ngoma inapunguza mwendo, kwamba seremala, bila kuinua macho, anamsubiri kila anapochelewa na kuendelea naye kila anapofika.

Kwenye ubeti wa mwisho kitu kilimng'ata kidole cha pete. Uzi ulikuwa umemchana ngozi, na alihisi.

"Inauma!" alipiga kelele kwenye maikrofoni, na hakuna mtu aliyewahi kulisema neno lile kwa furaha vile. "Inauma!"

Akaumaliza wimbo. Mkewe alikuwa amesimama mbele, anapiga makofi peke yake, analia na kucheka. Mwalimu mkuu alivaa miwani na kusema kwamba katika miaka yake yote darasani hajaona mtu anayefurahia sifuri kiasi kile.

Bibi mganga alizikata zile nyuzi na kuzifukia anapojua mwenyewe. "Ametoka mkononi," alimwambia Fundi Meno. "Kama ametoka nyumbani, hilo sikuahidi." Kinyozi alitafuta mpiga besi mwingine. Mara moja, akimnyoa seremala, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna anayejua nyuzi zile zilifukiwa wapi, na seremala akaondoka akiwa amenyolewa upande mmoja.

Sasa Jumamosi mchana Fundi Meno hupiga sebuleni, kwa nyuzi mpya, na vidole vyote vitano vinamuuma. Juzi alikosea palepale anapokosea siku zote, na kutoka juu ya dari, kwenye giza kati ya mbao na mabati, kitu kikaguna kwa uchungu, kikajiburuta kutoka pembe moja hadi nyingine. Maua yakanuka. Cherehani ikanyamaza.

"Baba watoto," mkewe alinong'ona. "Bado yupo."

"Namsikia."

"Sasa utafanyaje?"

Fundi Meno alitazama dari. Kile kitu kiliguna tena, sasa kwa karibu, juu ya kichwa chake hasa, kama kinaomba. Akanyoosha mkono wa kushoto, akageuza kitufe cha spika mpaka mwisho, na kuuanza wimbo upya.