Lebo Ndani ya Mto

Kila Jumamosi asubuhi, kabla gulio la Buganguzi halijachangamka, Ephrasia wa darasa la sita alikaa nyuma ya kibanda cha shangazi yake Violeth, mkasi mkononi, akikata lebo za mablanketi. Lebo zilisema wazi: "Nailoni. Weka mbali na moto." Shangazi aliyauza kama pamba tupu. Lebo zenyewe hakuzitupa, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alizishindilia ndani ya mto aliokalia.

"Shangazi, mwalimu alisema kuuza nguo bila lebo ni kosa, mtu anafungwa," Ephrasia alijaribu siku moja.

"Mwalimu ndiye anayekulisha ndizi za ebitoke? Fanya kazi."

Ephrasia akaendelea kukata.

Jumamosi iliyofuata, jirani yao Kahangwa alifika mbio na fimbo, nyuma yake kundi la vijana.

"Mwanangu Josia yuko hospitali!" alifoka. "Alikuwa anaota moto jikoni, amejifunika blanketi lako. Cheche moja tu, likayeyuka, likamgandia mkononi! Pamba gani inayeyuka?"

"Kahangwa waitu, ndugu yangu, mimi..."

Fimbo ilimpata mdomoni kabla hajamaliza. Shangazi alianguka juu ya bidhaa zake, damu ikachuruzika kidevuni. Vijana waling'oa nguzo za kibanda. Mmoja alimpiga teke la mbavu, mwingine akampiga jiwe kichwani. Watu waliocheka naye juma lililopita sasa walishangilia, bila hata chembe ya aibu. Panga likapasua mto, lebo zikamwagika miguuni pao.

Kahangwa aliokota moja, akaisoma kwa sauti.

"Kumbe alijua! Leteni petroli, naye auonje moto!"

Petroli ililetwa upesi kuliko ambavyo maji yangeletwa. Ephrasia angeweza kutoroka, kwani hakuna aliyemwangalia. Aliogopa. Hata hivyo alijitupa juu ya shangazi yake, petroli ikamlowesha mgongo.

"Mimi ndiye niliyezikata!" alilia. "Mkimchoma, nichomeni na mimi!"

Kahangwa alikuwa tayari ameshika kiberiti. Alimtazama mtoto yule, kiberiti kikamponyoka. Vijana wakarudi nyuma mmoja mmoja. Polisi walipofika, Shangazi alikuwa bado anapumua.

Katika mahakama ya Muleba, Shangazi alisimama kizimbani akiwa na bandeji kichwani. Alihukumiwa kifungo, na mablanketi yote yakataifishwa. Kahangwa na vijana wake nao walifungwa kwa kumjeruhi.

Siku Kahangwa alipotoka gerezani, alimkuta Ephrasia akimtekea Josia maji. Mkono wa Josia ulikuwa umejikunja, hauwezi tena kubeba ndoo. Ephrasia alipiga magoti.

"Nisamehe, tata, baba yangu."

"Inuka, mwanangu. Nimekusamehe." Kahangwa aliushika mkono wa mwanawe. "Ila usisahau. Sheria ya lebo ipo ili mtu ajue anachojifunika. Na sheria iliyonifunga mimi ipo ili mwenye hasira asiue. Nilimpiga shangazi yako mpaka nikachoka, na mkono huu haukupona. Kilebo kile kidogo kingeuokoa. Mtu mzima akikutuma kuficha hatari, mkatalie, hata kama ndiye anayekulisha."

"Nitamkatalia," Ephrasia alisema. Kisha akajitwisha ndoo ya Josia, wakaondoka pamoja.