Mchanga wa Mwisho wa Kiwanja

"Na huyu mwenzako, mbona hashuki?"

Buya, rubani, akacheka. "Mwenzangu yupi, mzee? Nimekuja na maboksi ya dawa tu."

Abduba, mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Garsen, ambaye kazi yake kubwa ni kufukuza mbuzi njiani, hakucheka. Alikitazama kiti cha kulia cha kile kindege cha injini moja, akageuza uso, akashusha maboksi mbiombio. Buya akapanda kuangalia. Kiti kitupu. Ila mkanda ulikuwa umefungwa, na yeye hakuufunga.

Akajiambia amesahau. Kiti hicho kilikuwa na mwenyewe, bwana! Jumamosi bintiye Fahima, wa miaka sita, angekikalia kwa mara ya kwanza, aje Garsen kumwona bibi yake. Mtoto nyumbani hakuwa na wimbo mwingine.

Akaruka kurudi Malindi. Juu ya mto ikaingia harufu ya maziwa ya moshi, yale ya vibuyu vya wafugaji, na ndege ikaanza kulalia kulia. Akairudisha. Ikalala tena.

Wakati wa kutua ndipo alipojua hayuko peke yake, maana alipouvuta usukani kuinua pua ulimgomea, na usukani wa pili, ule wa mbele ya kiti kitupu, ukatetemeka kama ulioshikwa na mtu anayejifunza, na pedali ya kulia ikadidimia yenyewe, na ndege ikaiacha lami ikifuata majani, naye akitoa shahada huku akikanyaga breki kwa nguvu zote alizojaliwa, mpaka iliposimama, tairi moja nje, na pale ubavuni pake mtu akashusha pumzi.

Alimpigia Abduba simu. "Mzee, uliona nini?"

"Mtu mrefu, mwembamba. Nacheka peke yake." Sauti ya mzee ilikuwa ya chini sana. "Buya, wewe chukua nini huku kwetu?"

"Sijachukua kitu. Labda mchanga. Ndege tupu huwa nzito puani, kwa hiyo naweka magunia nyuma. Wiki jana nilichota mawili pale kwenye kilima, mwisho wa kiwanja."

"Wallahi umetumaliza! Pale sisi namwaga maziwa toka babu zetu. Ile si kilima, ile nyumba ya mtu. Sasa wewe beba nyumba yake, yeye takaa wapi? Rudisha yote. Hata punje moja sibaki."

Alhamisi Buya akayarudisha, njia nzima hathubutu kutazama kulia. Gunia la pili lilikuwa nusu, akadhani limevuja. Abduba alimwaga mchanga mahali pake, akamwaga na maziwa, akasoma Ayatul Kursi hadi sauti ikamkauka. Upepo ukavuma mara moja, ukatulia.

Kurudi, ndege ilikuwa nyepesi, imenyooka, hainuki kitu ila mafuta. Buya alilia kwa furaha huko juu peke yake, wala hakuona haya.

Alifika nyumbani akiita, "Fahima! Jumamosi iko palepale!"

Mtoto alikuwa uani, amechuchumaa kwenye mchanga mweupe, laini, anajenga kijumba. Buya akauchota kidogo kiganjani.

"Hamdia," alimwita mkewe kwa sauti ya kunong'ona, "mchanga huu umetoka wapi?"

"Jamani, si wewe uliyeuleta? Wiki jana, kwenye mfuko. Ulisema umeupunguza kwenye gunia, mtoto apate wa kuchezea."

Ni kweli. Aliuleta kwa mikono yake mwenyewe, akasahau.

Fahima akasogea kidogo kushoto, kama anayempisha mtu. Harufu ya maziwa ya moshi ikajaa ua mzima.

"Baba, Jumamosi mimi na yeye tutakaa kiti kimoja. Anasema hatanibana, ni mwembamba." Akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akamtazama babake kwa huruma. "Ila amenuna. Anasema juzi ulimnyang'anya usukani."