Ndege Yangu Ilipopita Juu ya Kanisa

Nilikuwa nimepiga magoti kanisani, macho nimefumba, niliposikia ndege yangu ikipita juu ya paa.

Ndege YANGU. Ile niliyoiacha jana yake jioni ndani ya banda, mlango umefungwa kwa kufuli, na nati inayoshika mapanga ya juu nimeizungusha kwa vidole tu... bila kuikaza.

Yaani kuna mtu alikuwa hewani juu ya Migori, na mapanga yanayombeba hayajafungwa.

Nilifumbua macho.

Watoto walikimbilia madirishani. Mzee aliyekuwa akiomba alikatiza sala. Kila mtu aliinua kichwa akatazama mabati.

Kila mtu isipokuwa mke wangu, Kemuma. Yeye aliendelea kufumba macho.

Ngojeni niwaeleze kidogo ndio mnielewe.

Naitwa Omwenga. Nimerusha ndege za mizigo karibu nusu ya maisha yangu, Loki, Juba, Mogadishu, kote huko. Nilipochoka kuajiriwa, nikajinunulia jairokopta. Hapa Migori wanaiita boda ya angani, na hawajakosea. Viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine, haina paa, injini iko mgongoni mwako.

Mapanga ya juu hayazungushwi na injini. Yanazungushwa na upepo, na ndiyo yanakuweka hewani. Hairushwi kama ndege nilizozizoea, kwa hiyo na uzee wangu nilirudi kukaa darasani kama mtoto wa nasari. Nilipofuzu, nikamfundisha rafiki yangu Cephas, mtu wa Mbita, aliyewahi kuwa rubani msaidizi wangu na mpaka leo ananiita Cap, yaani kapteni.

Sasa, sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, unaweka kazi chini. Mkulima anaacha jembe katikati ya shamba. Mimi naacha spana, hata ikiwa imebaki nati moja.

Na Ijumaa hiyo ilikuwa imebaki nati moja kweli. Nilikuwa nimefungua mapanga nipake grisi, jua likanikuta. Nikasema nitaikaza kesho Sabato ikiisha. Nani angeigusa?

Ndio hivyo nikajikuta kwa magoti, mlio wa injini ukipita juu yangu.

Migori nzima wanaoweza kurusha ile kitu ni wawili. Mmoja alikuwa anaomba. Na ufunguo wa akiba huning'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala.

Hesabu haikuwa ngumu, jamani.

Nilimshika Kemuma mkono tukatoka nje. Kitu cha ajabu ni kwamba sikuwa na hasira. Sikuwa na kitu chochote. Mwili ulikuwa unatembea, mimi naufuata.

Nilimpigia Cephas. Helmeti zangu zina spika, simu inaingia moja kwa moja masikioni. Iliita kidogo, ikakatwa. Nikapiga tena. Ikakatwa.

Nikamwandikia: *Cephas tua sasa hivi. Nati ya mapanga haijakazwa.*

Zile alama mbili zikawa buluu. Ameisoma. Hakujibu, na mlio wa injini ukaendelea kupungua upande wa Homa Bay.

Ndugu zangu, mwizi hapokei simu ya mwenye mali. Na akipata ujumbe wake, anadhani ni mtego.

Nikamgeukia mke wangu.

"Mpigie wewe."

"Kwa nini mimi, Baba Liz?"

"Kwa sababu wewe atakupokea."

Aliutazama mkoba wake. Na mimi nilikuwa naona kila kitu kinachopita kichwani mwake. Angesema hana hata namba. Angelia, angesema ufunguo ulipotea. Cephas angeanguka na siri yake, sisi tungeenda kumzika Mbita, tukarudi nyumbani kwetu tukaendelea kuishi.

Alichohitaji ni kukaa kimya tu. Dakika chache.

Akafungua mkoba, akatoa simu. Namba ilikuwa imeandikwa "Fundi wa Nguo".

Nilimwambia aweke sauti kubwa. Ikaita mara moja tu.

"Sema, malaika. Mbona mapema hivi, si tulisema saa nane?"

Saa nane... Kila Jumamosi saa nane Kemuma huwa Homa Bay, eti na akina mama kutembelea wagonjwa. Kumbe ndege yangu na mke wangu walikuwa wanaenda safari moja, na mimi hapo kwaya ya mchana naimba sauti ya nne.

Akina mama wenyewe walikuwa wameshafika mlangoni pa kanisa. Walisikia yote.

"Cephas, tua," Kemuma alisema. Alikuwa analia. "Nati haijakazwa, si uongo. Tua, nakuomba. Ukifa mimi nitabaki na nani?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake.

Nikachukua simu. Sauti yangu ilikuwa ile ile ya kazini, hata mimi nilishangaa.

"Cephas, ni mimi. Uko wapi?"

Upepo tu... kisha, "Nimepita Ndhiwa, Cap. Lambwe iko mbele."

"Usisukume mkono wa usukani mbele hata kidogo. Punguza moto wa injini polepole, iache ishuke yenyewe. Chagua nyasi."

Rubani wa ndege za kawaida akishtuka husukuma mkono mbele. Ukifanya hivyo kwa jairokopta mapanga yanakosa upepo, na hapo umeenda. Nilimrudia hayo kama ninavyomrudia mwanafunzi. Yeye akawa anajibu tu, sawa Cap, sawa Cap. Kisha nikasikia magurudumu yakigonga chini na injini ikizimwa.

Mzee wa kanisa alisema Mungu ni mwema. Nikasema amina.

Tuliendesha gari mpaka Lambwe. Kemuma alikaa kiti cha nyuma, sijui kwa nini, na sikumwuliza. Njiani nilipungia watu ninaowajua. Nilikuwa najiambia, Omwenga, lia basi, au piga kelele. Wapi. Ndani kulikuwa kumenyamaza kabisa.

Ndege tuliikuta imesimama vizuri kando ya shamba la mahindi, watu wanapiga nayo picha. Cephas alikuwa ameketi chini, helmeti mapajani.

Sikumsalimia. Nilipanda juu nikashika ile nati.

Ilikuwa imekazwa.

Nikajaribu tena. Imekazwa kabisa, na pini mpya ya kuizuia isilegee imepitishwa, kazi safi.

"Niliiona asubuhi, Cap," Cephas alisema akiangalia chini. "Mimi sirushi kitu kabla sijakikagua. Nikaikaza."

"Na ujumbe wangu?"

"Nilijua iko sawa. Nikadhani umegundua nimeichukua, unanitisha nishuke."

"Sasa mbona ukashuka?"

Alimwangalia Kemuma. "Huyu sijawahi kumsikia akilia, osiepna. Nikajua umejua yote."

Kwa Kijaluo ni rafiki yangu. Bado ananiita rafiki yangu.

Kemuma alikuwa amefika nyuma yetu. Alitazama mapanga, akatazama Cephas, akauliza polepole, "Kwa hivyo hukuwa unakufa?"

"Hapana."

Akakaa kwa nyasi na nguo yake nyeupe ya Sabato. Akasema, si kwangu wala kwa Cephas,

"Basi ningenyamaza tu."

Watu wa Lambwe waliendelea kupiga picha. Mmoja aliniomba nisogee kidogo, namzibia.

Sasa Kemuma anaishi Mbita. Jina lake lilifutwa kwenye kitabu cha washiriki wa kanisa, na nilipoulizwa kama nina la kusema nilisema sina. Ndege bado ninayo. Narusha asubuhi mpaka ziwani, nageuka, narudi. Watu huniuliza kama ni raha kule juu. Nawaambia ni raha, kwa sababu nakumbuka ilikuwa raha.

Wengi mtaniandikia inbox mniulize kama ningekuwa na hasira ningefanya nini. Sijui. Hasira bado naingoja.

Ila somo nitawaachia. Usijisumbue kupekua simu ya mwenzako. Mtu anaweza kukupikia, akafua nguo zako, akakaa na wewe kanisani miaka. Ngoja siku atakapodhani kuna mtu anakufa, na kumwokoa kutamvunjia nyumba. Hapo ndipo utajua kama nyumba hiyo ilikuwa yenu, au wewe ulikuwa unalala humo tu.

Mimi nilijulia kwenye uwanja wa kanisa, simu ikiwa kwa sauti kubwa.