Kijiko cha Mama Kasuku

Nyumba ya fundi cherehani haikuhitaji jogoo. Binti yake alifungua macho na mdomo kwa pamoja. Kwa nini cherehani inanguruma? Kwa nini baba anakoroma? Ndiyo maana wakamwita Kasuku.

Sasa Kasuku amelala wodini, kichwa kimefungwa bandeji, kimya. Pikipiki ilimgonga akivuka barabara kwenda shule. Tangu hapo hajafumbua macho. Baba yake, fundi cherehani, amekaa upande mmoja wa kitanda. Mama amekaa upande wa pili, roho juu juu.

"Baba Kasuku, tazama midomo ilivyomkauka. Mtoto ana kiu."

"Mpe hata kijiko kimoja. Maji yamemdhuru nani?"

Mama akachota maji kikombeni kwa kijiko. Kabla kijiko hakijafika mdomoni, nesi akamshika mkono kwa upole.

"Hapana, mama. Usimpe."

"Dada, nimwangalie tu mwanangu akikauka?"

"Nakuelewa, nami ni mzazi. Lakini mtu aliyepoteza fahamu hawezi kumeza vizuri. Maji yatapita njia ya hewa, yaingie kwenye mapafu. Yanaweza kumuua."

Mama akaweka kijiko chini, akalia. Kumbe nusura amdhuru kwa mapenzi yake mwenyewe.

Nesi akaonyesha dripu. "Maji anayapata hapa, kupitia mshipa. Wewe nawa mikono kwa sabuni, umlowanishe midomo kwa kitambaa hiki safi. Kiwe na unyevu tu, kisidondoshe maji. Na mzungumze naye. Huenda anasikia."

"Nitazungumzaje na mtu asiyejibu?" baba akauliza.

"Mbona mimi nazungumza na wewe miaka yote?" mkewe akasema. Hata nesi akacheka.

Baba akakohoa kidogo, akamsogelea mtoto. Akaanza kujibu maswali aliyoyakwepa siku zote. "Uliniuliza kwa nini nakoroma. Mwanangu, huo ni uzushi wa mama yako."

Siku zikapita hivyo. Mama analowanisha midomo, baba anajibu maswali. Kila mmoja akilala kidogo, mwenzake anakesha.

Asubuhi moja macho ya Kasuku yakafumbuka. Sauti ikamtoka kwa shida.

"Mama. Maji."

Kikombe kilikuwa pale pale. Mkono wa mama ukakiendea wenyewe, akaurudisha.

"Subiri kidogo, mwanangu." Akakimbilia mlangoni. "Nesi! Ameamka! Anataka maji!"

Daktari akaja, akampima. Nesi akainua kitanda upande wa kichwani, akampa Kasuku maji kidogo sana huku akimtazama koo. Kasuku akameza. Hakupaliwa. Ndipo nesi akamkabidhi mama kijiko.

"Sasa mpe wewe. Kidogo kidogo."

Mama akampa. Kasuku akameza, akapumzika, akageuza macho upande wa pili.

"Kwa nini baba analia?"

"Kwa sababu umeuliza," baba akajibu.