Mkate Usiomiminwa

Ruwaida alikuwa na umri wa miaka mitano. Leo alikuwa na hasira nyingi.

Kesho ni Idi. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na mkate wa dukani, umefungwa kwa plastiki.

Kila Idi, Bibi na Baba walipika mkate wa kumimina. Mwaka huu Bibi amefariki dunia.

Ruwaida akakunja uso. Akapiga mguu chini. Pu, pu, pu.

"Mkate wa kumimina,
nyumbani twaumimina."

Baba akamwambia kwamba mkate ni mkate. Yeye ni mtu mzima, ana kazi, na tena amechoka.

Ruwaida akausukuma mkate wa dukani mpaka ukingoni mwa meza. Pu, pu, pu.

"Mkate wa kumimina,
nyumbani twaumimina."

Sasa Baba naye akakasirika. Akasema kwa sauti kubwa kwamba mkate wa kumimina ni wa mama yake, na mama yake hayupo.

Ruwaida akaacha kusukuma mkate.

"Baba," Ruwaida akauliza, "kwani mtu akikua, huacha kumimina?"

Baba akafungua kabati, akatoa mchele.

Mchele ukalowekwa mpaka ukalainika. Ukasagwa kwa tui, sukari, hamira na iliki. Vrrrrr.

Rojo likafunikwa ili liumuke. Ruwaida akangoja mlangoni, amefura.

Akalalamika kwamba Bibi hakuchelewa hivi. Baba akasema Bibi alichelewa vilevile, ila hakusimamiwa na askari mlangoni.

Ruwaida hakucheka. Alikaribia kucheka.

Rojo likaumuka. Pwo, pwo, pwo.

Baba akashika bakuli upande huu. Ruwaida akashika upande ule. Wakamimina polepole kwenye sufuria, wakisema kwa pamoja:

"Mkate wa kumimina,
nyumbani twaumimina."

Makaa chini ya sufuria. Makaa juu ya kifuniko. Nyumba nzima ikanukia iliki.

Baba akafunua. Akauma mdomo. Mkate ulikuwa umeungua upande mmoja.

Ruwaida akala kipande. Akala kingine. Uso wake bado ulikuwa umekunjamana.

Wakati wa kulala, Baba akamfunika shuka. Akadhani mtoto amekwisha kusinzia.

"Baba," ikatoka sauti ndani ya shuka, "mwakani usiunguze."

"Sitaunguza, mwanangu."

Ndipo uso wa Ruwaida ukakunjuka. Akalala.